Koki ya Taratibu

Koki ilikuwa imefungwa, hilo hakuna aliyelibishia, hata askari wa barabarani aliyetumwa pale kupima ajali na asikute ajali, akakuta pikipiki imesimama kwenye stendi ya katikati, wima, kama inasubiri kupigwa picha, helmeti imetundikwa kwenye kioo, glavu zimelazwa juu ya siti, moja juu ya mwenzake, na mwenyewe ameketi chini, mgongo kwenye ukuta wa kalavati, macho yanaangalia ng'ambo ya barabara, na koki ya petroli imefungwa… na mtu hafungi koki njiani, Mama Siti alilijua hilo kabla hajajua mengi mengine kuhusu mumewe, ukisimama kidogo tu, kujinyoosha, kumsalimia mtu, unazima injini basi, koki unaiacha wazi, koki unaifunga ukifika, na mashine hizi za zamani usipoifunga zinakuvujia petroli taratibu mpaka sakafu nzima inanuka, kwa hiyo wote waliomo humu bandani mwa klabu ya pikipiki wana mkono unaokwenda kwenye koki wenyewe wakifika, bila kuulizwa na kichwa, sasa yeye alikuwa amefika wapi, pale pasipo na nyumba wala duka wala mtu, pana kalavati, majani, na barabara inayokata kona, amefika wapi?

"Umebaki wewe tu, mama," alisema Mwenyekiti.

Alisikia, alisikia vizuri, alitikisa kichwa kama mtu anayefikiri, lakini mkono ulibaki mapajani juu ya mkoba wake wa sindano, na mbele yake mikono ya wenzake ilikuwa bado juu, ile ya wanaotaka klabu iendelee kuuza pikipiki, hawakuishusha hata baada ya kuhesabiwa, waliiacha huko juu kwa ukaidi, viwiko vyeusi kwa oili, saa za mkononi zimetelezea chini, na upande wa pili wale wasiotaka wamekunja yao vifuani, Mzee Ngurumo katikati yao, na mvua inadondoka kwenye kopo la oili palepale dari linapovuja, tone, halafu kimya, halafu tone, na pande mbili zimefungana, hii ndiyo balaa yenyewe, zimefungana kamili na aliyebaki ni mshona siti za pikipiki, mjane wa Taratibu, mwanachama kwa kiti cha mumewe, ambaye kila mtu humu anajua pikipiki iliyo chini ya lile turubai la kijani pale pembeni ni ya nani, na kwamba ikipita kuuza, ya kwanza kutoka ni hiyo, maana nyingine zote zilizokamilika zilishatoka.

"Asiharakishwe," alisema shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi vioo, mkono wake mwenyewe ukiwa juu kabisa, juu kuliko ya wote. "Shemeji, hatukuharakishi. Ila mvua nayo haitungoji, dari lile litatuangukia."

"Liache lianguke!" Mzee Ngurumo alipaza sauti, yeye hana sauti nyingine, masikio yake aliyaacha barabarani miaka mingi iliyopita, kwenye bomba la moshi lisilo na kizuizi. "Tulianzisha klabu au tulianzisha duka? Niambieni! Ile ya yule mhunzi mliyoiuza, mmeiona iko wapi? Mlangoni mwa mkahawa! Wamepanda maua kwenye taa! Maua! Kwenye taa ya mbele!"

"Mzee, umeshasema hilo la maua," alisema Mwenyekiti, "na kura yako tumeihesabu."

"Nitalisema tena!"

Maua kwenye taa, na ni kweli, aliyaona mwenyewe, alipita pale akaona kijani kinachungulia mahali palipokuwa na kioo, na siti ile alikuwa ameishona yeye, mishono miwili sambamba pembeni kama marehemu mhunzi alivyopenda, na mtoto fulani ameketi juu yake anakula aiskrimu na kumpigia baba yake honi kwa mdomo, na hakukasirika, alishangaa kwamba hakukasirika, alichofikiri ni kwamba mshono umeshika… lakini Taratibu angekasirika, Taratibu angeingia ndani ya mkahawa ule na kuomba kwa adabu zake zile za kuudhi kuonana na mwenye nyumba, maana ndiye aliyesema siku ile ya kwanza, wakiwa wachache juu ya ndoo zilizopinduliwa, kwamba pikipiki isiyoendeshwa ni kiota cha kuku, tuziuze kwa watu watakaoziendesha, na asiyeweza kuipiga kiki mwenyewe asiuziwe, na ndiye aliyeleta desturi ya kuamsha, kwamba mwenzetu akifa pikipiki yake inakuja hapa, tunaitengeneza, lakini haitoki mpaka aliye karibu naye kuliko wote aje aipige kiki kwa mguu wake, iamke, ingurume, watu wakae kimya waisikilize, ndipo mnunuzi apewe ufunguo, mjane wa mhunzi alivua kandambili akapiga kiki kwa mguu mtupu, wakacheka, akalia, wakalia… na aliyetunga desturi hiyo hakufikiri hata siku moja itakapofika zamu ya mke wake, au alifikiri, nani ajuaye alifikiri nini, mtu aliyefunga koki kwenye kalavati.

Maana Mama Siti ameikwepa zamu hiyo, na wanajua ameikwepa, mwaka wa kwanza alisema goti, mwaka uliofuata akasema ana siti za watu hazijaisha, halafu akasema mvua, halafu jua, na hakuna aliyemsukuma, hilo hawezi kuwalaumu, walikuja hata nyumbani wakanywa chai wakazungumza mambo mengine yote, bei ya matairi, magoti yao, wakaondoka bila kuitaja, na kwa sababu hiyo hakuna kilichouzwa, na kwa sababu hakuna kilichouzwa dari linavuja na zile ambazo hazijakamilika zinapata kutu kwa ndani, Spana, fundi wa banda, anazigonga kwa kidole anasikiliza kama daktari anayegonga kifua cha mzee, na sasa wanagombana kama duka au klabu, wanavyosema ni suala la msingi, ni suala la katiba, ni suala la roho ya chama, na yeye ameketi katikati ya suala la msingi akijua kwamba suala lenyewe ni goti lake ambalo halina ugonjwa wowote.

Taratibu alitoka asubuhi, chai iko mezani, "narudi haijapoa," mnyororo alikuwa ameukaza jana yake na alitaka tu kuusikiliza barabarani, hakuvaa hata koti zuri, na daktari akasema moyo, moyo tu mama, ungemkuta hata kitandani, akasema kama anayempa zawadi, na watu wote wakalipokea hilo, moyo, wakalitumia msibani kama mwavuli, lakini hakuna daktari anayeweza kueleza koki, kwa hiyo Mama Siti alianza kujielezea mwenyewe, usiku wa kwanza alijiambia mumewe alijua, aliona saa yake inakuja, akaegesha vizuri, akatundika helmeti, akafunga koki ili petroli isimwagike akiwa hayupo, hivyo ndivyo alivyokuwa, mtu wa kufunga vitu, akaketi akaingoja, amefika, na hilo lilimlaza usingizi kwa miezi, amefika… halafu likaja lile jingine, aliye na miadi ndiye anayefunga koki, anayekaa ndiye anayefunga koki, alikuwa na mtu pale, mtu aliyekuja kwa mguu akaondoka kwa mguu alipoona macho hayafumbi, na kwa hilo aliwatazama wanawake wote wa msibani mmoja mmoja, sauti zao, kanga zao zimelowa kiasi gani, alimtazama hata mke wa Mwenyekiti, Mungu amsamehe, mama wa watu aliyekuwa anakatakata vitunguu… na halafu akachoka, yote mawili yakabaki kama viti viwili vya wageni sebuleni, anavifuta vumbi, hakuna anayevikalia.

Na wiki iliyopita akaja yule mkunga, mnunuzi, mwanamke mrefu mwenye viatu vya mvua, wakamfunulia turubai na Mama Siti akiwepo kwa bahati mbaya, alikuwa amekuja kuleta siti ya mtu mwingine, na mkunga hakuuliza bei wala mwendo, alipiga magoti mbele ya injini, akaweka kiganja kwenye silinda baridi, akainuka akapapasa siti, "Hii kashona nani?" akaambiwa, akamgeukia, "Dada, kazi yako haina maneno," kisha, kama anayeuliza saa ngapi, "Alikuwa anapenda kwenda nayo wapi?" Na yeye, aliyekaa nyuma ya mgongo ule njia zote, mashavu kwenye koti lile linalonuka moshi, alisema popote, akaondoka na uzi mkononi.

"…kama itauzwa lakini mnunuzi aambiwe habari ya koki," Spana alikuwa anasema, alikuwa anaongea na shemeji wa Mama Siti kwa sauti ya chini, hawa wawili hawajui kunong'ona, "mimi sitaki mtu arudi hapa kunitukana."

"Koki imefanya nini?" aliuliza Mama Siti.

Walimgeukia wote. 

"Si kitu, dada," alisema Spana, akajifuta mkono mmoja kwenye suruali, ule mwingine ungali juu unapiga kura. "Ni kidogo tu. Imegeuzwa. Ukiitazama unaona imefungwa, kumbe iko wazi. Ukiona iko wazi, kumbe umeifunga."

"Nani kaigeuza?"

"Hapo ndipo penye swali." Alimtazama yule shemeji, shemeji akatazama kopo la oili. "Nimeiona juzi, nilipofungua kusafisha tangi. Inawezekana ni sisi. Ule mwaka wa kwanza tuliifungua yote tukaipaka rangi, tukaifunga tena, na hicho kipande ukikosea ukakirudisha kichwa chini hakikukatalii, kinaingia tu. Sikumbuki aliyekirudisha ni nani, tulikuwa wengi, tulikuwa… si unajua tulivyokuwa siku zile."

"Au?"

"Au yeye mwenyewe. Wazee walikuwa na ujanja huo kwa ajili ya wezi. Mwizi anaruka juu, anaikuta koki kama iko wazi, kumbe imefungwa. Inawaka, anaondoka nayo anafurahi, anatumia kile kidogo kilichobaki kwenye kabureta, mbele kidogo, paap, inamfia katikati ya barabara."

"Kaka aliwahi kunieleza ujanja huo," alisema shemeji yake polepole.

"Alikueleza kwamba kaifanyia hii?"

"Shemeji, sikumbuki kama ni hii au ile ya kwanza aliyoiuza. Ningejua kwamba itakuja kuulizwa… Kwani ina nini?"

"Wanasemaje?" Mzee Ngurumo aliuliza. "Koki? Koki mimi nilishasema ziwekwe mpya!"

Kwani ina nini, na hata yeye, ndugu yake wa damu, aliyeisukuma kwa mikono kutoka kalavatini mpaka nyumbani kwa sababu hakuthubutu kuipanda, hajui ina nini, Mama Siti alilala na hilo peke yake, hakumwambia mtu, angesema nini, mume wangu alifunga koki, wangesema pole… kwa hiyo kama Taratibu aliigeuza mwenyewe basi koki ile ilikuwa wazi, askari aliitazama ikiwa wazi, yeye aliitazama ikiwa wazi, na Taratibu hakuwa amefika popote, alisimama kidogo, kifua kilimbana akasimama, akatundika helmeti kupata hewa, akaketi kupumzika dakika moja, na alikuwa anaendelea na safari, alikuwa anarudi, chai haijapoa, mtu wa kawaida aliyesimama kidogo… na kama si yeye, kama ni hawa, kwa machozi yao na brashi zao za rangi siku zile, basi ilikuwa imefungwa kwelikweli, na amefika, na viti viwili viko palepale, ila sasa ni vitatu, na hakuna wa kumuuliza, miaka yote hii alikuwa akiamini kwamba pikipiki iko pale chini ya turubai inajua, kwamba ikitoka itatoka na jibu, ndiyo maana goti, ndiyo maana mvua, aliilinda kama shahidi, na shahidi mwenyewe wamemfungua wakamfunga wakampaka rangi, wala hajui lolote, hakuwahi kujua, ni chuma, na siti ni sponji na ngozi na uzi, aliishona mwenyewe anajua kilichomo ndani.

Tone likaanguka kwenye kopo. Akalitegea sikio linalofuata.

Na kipi kinachouma zaidi, aliyefika au aliyekuwa anarudi, kwa sababu aliyefika ulimzika ukamwacha, kumbe huyu anayerudi anarudi kila siku, anakata kona ile kila asubuhi na haingii getini, ndiye utakayemmiminia chai mpaka ufe… hapana, hakutaka kuchagua, hakuna anayemlazimisha kuchagua, ni ajabu kwamba hakuwahi kuliona hilo, wanachomtaka achague hapa ni kitu kidogo tu, mkono juu au mkono chini, waendelee kuuza au waache, na alikuja leo akiwa ameshajiamulia, alikuja kukunja mikono upande wa Mzee Ngurumo, alishayapanga hata maneno, heshima, kumbukumbu, maua kwenye taa, akamtazama mzee, shingo yake nyembamba ndani ya kola kubwa, koti la ngozi ambalo mwili umesinyaa ndani yake, akaona kwamba mzee naye hamzungumzii mhunzi, mzee anaiona yake, ile yake inayonguruma, inapandwa maua, inapandwa na mtoto mwenye aiskrimu, na yeye hayupo kuja kupiga kelele, na hana mke wala mtoto wa kuja kuiamsha, ni nani atakuja kuiamsha ya Ngurumo, hakuwahi kufikiri, huenda mzee hafikiri kingine, kwa hiyo pande zote mbili za banda watu wamepiga kura juu ya kufa kwao wakaliita jambo hilo biashara, wanaotaka kuuza na wasiotaka, na hakuna hata mmoja wa kulaumiwa, shemeji yake kaunyoosha ule mkono juu kuliko wote si kwa sababu hampendi kaka yake, ila hawezi tena kuingia humu na kuliona turubai lile limepata umbo la mtu aliyejifunika, mbona hakumwambia, mbona naye hakumwambia.

"Mama Siti," alisema Mwenyekiti, kwa upole, kwa sauti ile ya mpima ardhi mstaafu anayewaomba majirani wawili washike kamba moja huku na mwingine huku, "kama unataka tuahirishe, tutaahirisha. Mimi sina haraka."

"Mikono inatuuma lakini," alisema Spana.

"Shusha basi, nani kakushikia?" mwingine alimjibu.

"Nikishusha Mzee atasema nimebadili."

Mtu alicheka, na yeye pia karibu acheke, ikamshangaza, ikapita, na banda likabaki vilevile, mikono juu, mikono vifuani, mvua, kopo, turubai la kijani, hakuna kilichosogea tangu alipoambiwa umebaki wewe tu mama, na yeye akauona mkono wake unaondoka kwenye mkoba wa sindano, hakuuona unaamua, unaondoka tu, unapanda juu, kama mkono unaokwenda kwenye koki.

"Umetuuza!" Mzee Ngurumo alisema, lakini kwa mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Mzee," Mama Siti alimwinamia karibu na sikio, "asiyeweza kuipiga kiki mwenyewe hauziwi. Hilo liandikwe. Hakuna mkahawa tena. Na yako, siku yako ikifika, nitaiamsha mimi."

Mzee alimtazama midomo, kisha macho. "Hiyo yako yenyewe ni nzito," alisema. "Utaweza ya kwangu?"

"Nitavua viatu."

Basi ikapita hivyo, kwamba klabu iendelee kuuza, kwa waendeshaji tu, na Mwenyekiti akauliza kwa sauti isiyotaka kuuliza ya kwanza iamshwe lini, nani atapeleka habari kwa mkunga, na lipangwe jambo lingine na lingine, lakini Mama Siti alikuwa ameshainuka na kulivuta turubai, vumbi likamwingia puani, akaizungukia upande wa koki, akaitazama ilivyolala, akaigeuza kinyume cha alivyozoea, bila kumuuliza Spana, akasubiri petroli ishuke, akapanda juu ya siti aliyoishona mwenyewe, mbele, mahali ambapo hakuwahi kukaa, na goti lake lisilo na ugonjwa likapiga kiki mara moja, kimya, mara ya pili, ikakohoa, shemeji yake akasogea, akamwonyesha kiganja kwamba akae hukohuko, mara ya tatu ikashika, ikanguruma, banda zima likajaa, mikono yote ikashuka, na Mzee Ngurumo akaweka kiganja chake kwenye tangi ili asikie kwa mfupa.

Mama Siti alibaki juu ya siti. Aliisikiliza mpaka ikatulia. Halafu akafunga koki, na injini haikuzimika, iliendelea na kile kidogo kilichobaki ndani, iliendelea muda mrefu kuliko alivyodhani, kana kwamba hakuna kilichofungwa, na hata ilipoanza kukohoa hakuifungulia tena. Akachomoa ufunguo, injini ikiwa bado ya moto, akampa shemeji yake ampelekee mkunga.